Waya Niliouweka Mahali pa Fyuzi

Siku yangu ya kwanza karakana, pale Sumbawanga, Fundi Mkuu alinipa taa ya kupimia umeme, akafungua boksi la fyuzi chini ya usukani. "Nyekundu ni ya kumi, bluu kumi na tano, njano ishirini," alisema. "Ikiungua usiitukane, imezuia waya zisiungue. Tafuta kwanza kilichoiunguza, ndipo uweke nyingine ya rangi ileile." Nilidhani ni kazi ya kitoto.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Chala, nikawa fundi umeme pekee wa magari ya kituo cha afya. Gari la wagonjwa likaanza kuunguza fyuzi ya pampu ya mafuta. Nazima swichi, nachomoa fyuzi, naiangalia kwenye mwanga: kiuzi cha ndani kimekatika. Naweka mpya, baada ya siku mbili yale yale. Kuna waya ulikuwa umechubuka na kugusa bodi la gari, nami nilishindwa kuupata.

Asubuhi moja fyuzi ziliniishia huku mama mwenye uchungu akisubiri kupelekwa Sumbawanga. Deusi, dereva, alikuwa tayari kwenye usukani. "Fundi, weka chochote, gari liondoke!" alifoka Mkuu wa Usafirishaji. Nikasokota kipande cha waya wa shaba, nikakichomeka. Gari likawaka, mama akajifungua salama, nami nikasifiwa mbele za watu. Toka siku hiyo gari halikusumbua tena. Ule waya nikauacha mle mle, kila siku nasema nitautoa kesho.

Gari liliungua kwenye mteremko wa kwenda Kipili. Deusi alikuwa peke yake, akaungua mikono yote miwili akihangaika kuuzima moto.

"Chanzo ni nini?" Mkuu wa Usafirishaji aliniuliza, fomu ya ripoti mkononi.

Boksi la fyuzi lilikuwa limeyeyuka lote. Hakuna ambaye angeniumbua.

"Labda dereva alikuwa anavuta sigara," nikasema.

Deusi akafukuzwa kazi.

Sasa nimestaafu, nakaa Katandala. Vijana wa gereji bado wanachomeka waya, na nikiwakemea wanacheka: "Mzee, si linawaka?" Vidole vya Deusi vimejikunja, hawezi hata kushika jembe. Nimejaribu kuungama kwa padri nikashindwa, na sioni tena siku nitakayoweza.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Deusi alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo, fundi. Pale kazini wote walinisema vibaya. Wewe tu hukunisema."

"Marahaba," nikaitikia.