Santuri ya Treni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, bibi yangu alitukataza kusikiliza muziki usiopumua. Ukilisema jambo hilo leo watu wanacheka, na mimi mwenyewe nimewahi kulisimulia ili wacheke, kwenye harusi na kwenye meza ya chakula ofisini. Huwa naishia katikati. Sehemu inayobaki haichekeshi hata kidogo, na leo nataka kuisema yote.

Tulikuwa tunakaa St. James Town, mjini Toronto, Kanada, ghorofa ya kumi na nne, vyumba viwili na sebule. Baba aliendesha teksi. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kuwaogesha, kuwageuza kitandani na kuwanyanyua mpaka kwenye viti vya magurudumu. Kwenye kochi la sebuleni alilala mjomba Salehe, mdogo wake mama, aliyekuwa akipakua mizigo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Nilimpenda mjomba kuliko mtu yeyote mle ndani, na nasema hivyo bila aibu ingawa baba bado yu hai.

Ujanani, huko Tanga, mjomba aliendesha mashine ya sinema. Alikaa kwenye kichumba cha juu nyuma ya watazamaji, akatazama filamu kupitia kitundu kisichozidi kiganja, huku mashine inamvumia sikioni na joto linamchemsha. Watu wa chini walifuata ngumi na mapenzi. Yeye alifuata muziki, hasa ule wa filamu za miaka ya sabini uliopigwa kwa vinanda vya umeme, vile vilivyojaa waya na swichi, vinavyotoa sauti ambazo hazifanani na ngoma wala fidla wala zumari. Alipofika Toronto alikuta watu wanahamia kwenye sidii na santuri zao wanazitupa. Akawa anaziokota, kwenye maduka ya mitumba na kwenye maboksi yaliyoachwa chini karibu na lifti, mpaka mama akasema huyu bwana ataturudisha Tanga ili tuzipishe santuri zake nafasi.

Mchana nikitoka shule nilimkuta bado hajaenda zamu ya jioni. "Kaa hapa, Zuhura. Funga macho," alikuwa akiniambia, kisha anashusha sindano. Santuri tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya filamu ya mtu aliyepanda treni akakuta mabehewa yote matupu. Mjomba alinisimulia filamu nzima juu ya muziki wake. "Hiyo sauti ya chini ni magurudumu. Sasa anafungua mlango wa behewa la pili. Hakuna mtu. Bado hajajua kama yuko peke yake. Muziki unajua, yeye hajui." Nikimuuliza kwa Kiingereza kama vile watoto wote wa jengo letu tulivyozungumza na wakubwa wetu, hanijibu. Ananyamaza mpaka niulize upya. "Mtu wa treni hajui Kizungu," anasema. Kwa hiyo Kiswahili changu nilikipata kwenye filamu ambazo sijaziona mpaka leo, na nililijua neno behewa kabla sijalijua neno bamia.

Mwaka huo mjomba alikuwa amepeleka posa kwa familia moja ya watu wa Tanga waliokuwa wakikaa Crescent Town. Posa ilipokewa. Akaanza kupiga pasi mashati yake mwenyewe, akawa anaimba bafuni, na mama akamtania kwamba bi harusi ajiandae, ataolewa na mwanamume mwenye wake mia wa plastiki.

Halafu bibi akaja. Alikuwa mama yao mzazi, mama na mjomba, na alitumiwa tiketi kwa sababu mama alikuwa mjamzito. Alitua mwanzoni mwa baridi na kanga nne, wali wa nazi kwenye kopo, maana alifikiri njaa itamkuta njiani, na miiko yake yote. Mwiko wa kwanza ulikuwa kwamba mimba haitangazwi. Hakuna kuhesabu miezi mbele za watu, hakuna kununua hata soksi ya mtoto, na huko kazini wasijue mpaka tumbo lenyewe liseme. "Jicho la mtu halina huruma, Rehema," alimwambia mama. Mama alikubali. Alivaa sare kubwa kuliko mwili wake, akavaa koti la baridi juu yake, akaendelea kunyanyua wazee.

Mwiko wa pili ulizaliwa palepale sebuleni. Mjomba alikuwa ameweka ile ya treni, na bibi aliyekuwa akichambua mchele akasimamisha mkono.

"Huyu anapiga nani?"

"Ni mashine ya umeme, mama," mjomba akajibu. "Mtu anabonyeza tu, sauti inakwenda."

"Mbona hapumui?"

Mjomba akacheka. Akamkumbusha kwamba hata mpiga zumari wa kwao Pangani hukaa kitambo kirefu sauti haikatiki.

"Yule mashavu yake tunayaona yakivimba," bibi akasema. "Huyu yuko wapi? Salehe, nimekaa kwenye ngoma za pepo tangu sijavunja ungo. Kila pepo ana mlio wake, ukiupiga anakuja, hata kama hukukusudia kumwita. Na asiyekuwa na pumzi anatafuta pumzi kwa watu. Mwenye mimba ana pumzi mbili. Zima."

Mjomba alizima. Hakubishana na mama yake, na sikumbuki kumsikia akibishana naye siku yoyote. Kuanzia hapo alisikiliza kwa vile vibanio vya masikioni, mimi nikakaa karibu naye nikigawiwa sikio moja, na alinisimulia kwa kunong'ona. Nilimwogopa yule asiyepumua. Nilimpenda pia, na vyote viwili vilinikaa tumboni kwa pamoja bila kugombana.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mjomba alikuwa zamu ya mchana, baba yuko na teksi, bibi ameshuka ghorofa ya sita kwenye hitima. Mama akarudi kutoka kazini. Nakumbuka alivua viatu kwa shida kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, akajilaza kwenye kochi la mjomba na koti lake, akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Zuhura," akaita. "Niwekee ule muziki wa mjomba wako. Wa treni."

"Bibi said..."

"Bibi hayupo."

Nikachomoa vibanio, nikaweka. Tulisikiliza upande wote wa kwanza, mimi nimekaa chini, mkono wake kichwani kwangu. Nikaanza kumsimulia, jinsi nilivyosimuliwa: sasa anapanda, mabehewa matupu, bado hajajua. Mama alitabasamu. Aliniambia kwamba siku nzima ilikuwa ya kuwageuza watu wazito, kwamba mwenzake hakuja kazini, na kwamba huu muziki unamfanya ahisi kama kuna mtu mwingine anamsukuma, yeye hana haja ya kutembea. Hayo ndiyo maneno yake. Kisha akalala kweli, nami nikaenda kucheza chumbani, santuri nikaiacha juu ya mashine.

Kesho yake mchana alipelekwa hospitali. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mvulana, hakupumua. Walimzika siku iliyofuata, theluji ikianguka, na mimi sikupelekwa.

Mama aliporudi nyumbani wakamlaza kwenye kochi. Bibi alikuwa akizungukazunguka sebuleni, anapanga hiki anaondoa kile, akafungua kifuniko cha mashine ya santuri. Hapo ndipo alipoiona ile ya treni, na vibanio vya masikioni vimechomolewa. Alisimama pale akiitazama, na alipogeuka sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Nani aliweka hii?"

Tulikuwepo sote. Baba kwenye kiti. Mjomba mlangoni na nguo za kazi. Mama kwenye kochi, na mama alivuta kanga akajifunika uso. Hakuna aliyemlaumu, mwanamke aliyetoka kufiwa na mtoto hajifuniki uso kwa hila. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi.

Bibi akaniinamia. "Zuhura, wewe ulikuwa hapa Jumamosi nilipokwenda hitimani. Nani aliweka hii?"

Nilimtazama mama, nikaona kanga. Nikamjibu bibi kwa Kiingereza kwamba sielewi anachosema.

Bibi hakushangaa. Alishazoea, wajukuu wote wa jengo lile walikuwa hivyo. Akamgeukia baba, akasema mmelea Mzungu humu ndani, hata lugha ya mama yake haijui. Lakini mjomba alinitazama. Ukimwacha mama, mtu mmoja duniani alijua kwa hakika kwamba ninaelewa, kwa kuwa kila neno alinipa yeye. Akaniangalia mimi, akaiangalia ile kanga, akavuta pumzi.

"Ni mimi, mama," akasema. "Niliiweka Jumamosi usiku, mmelala. Nilisahau."

Nilitegemea bibi apige kelele. Hakupiga. Alimwambia tu kwamba hawezi kula sinia moja na aliyemla mjukuu wake. Mjomba akakusanya nguo zake kwenye begi moja, akaenda kukaa na mfanyakazi mwenzake huko Rexdale. Santuri tulipewa amri ya kuzitupa. Mlango wa lile bomba la kutupia takataka kutoka ghorofani mpaka chini, hapo nje, ulikuwa mdogo, kwa hiyo baba alizivunja moja moja kwa goti na mimi nikasukuma vipande. Ile ya treni niliisukuma mwenyewe. Kuna ghorofa kumi na nne mpaka chini, na unasikia kitu kikigonga njia nzima.

Watu wa Tanga mjini humu walikuwa wachache, na habari haikuhitaji hata wiki. Posa ilirudishwa kutoka Crescent Town kwa adabu zote, mzee mzima alikuja na maneno mazuri. Wanawake wenye mimba hawakutaka kukaa na mjomba chumba kimoja. Sikukuu ya Idd alikuja mlangoni kwetu na boksi la maandazi, akasema "Shikamoo, mama," na bibi akaendelea kukuna nazi. Nilikuwa nimesimama katikati yao. Mjomba akaweka boksi chini, akanipa mkono wa Idd, akarudi kupanda basi. Hakuoa. Bibi alirudi kwao mwaka wa pili, akafia huko akiamini aliyoyaamini.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza mama, mara moja tu, daktari alisemaje siku ile. Alisema daktari alimuuliza anafanya kazi gani, na kama kazini walijua hali yake, na kwa nini hawakuambiwa wampunguzie. Alimjibu kwamba kwao mimba haisemwi. Mimi si daktari, na najua watoto huondoka hata kwa waliolala kitandani miezi tisa. Ila nina hasira, na sitaki kuificha hapa. Miiko ilikuwa miwili, na mama aliuvunja ule usio na madhara akaushika ule uliomvunja mgongo. Tulipotafuta mkosaji, tukaichukua santuri.

Mjomba alifariki mwaka juzi, kwenye chumba chake huko Rexdale. Tulipomaliza kuzika nilimrudisha mama na gari langu. Yeye sasa ni mzee, anatembea na fimbo. Tulikuwa tumesimama kwenye taa za barabara ya Kipling wakati aliposema, akiangalia mbele:

"Siku ile ungesema wewe, ningekubali."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa.

"Mama, nilikuwa na miaka tisa."

"Najua."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Taa ikabadilika, wa nyuma yetu wakaanza kupiga honi, na mama akavuta mtandio wake mpaka usoni, vilevile. Nilimfikisha nyumbani, nikampandisha na lifti, nikamvua viatu. Hatujalizungumza tena.

Muziki ule sasa unapatikana, vijana wanaushabikia upya, na niliutafuta mpaka nikaupata. Nimeusikiliza kwa makini, nikimtafuta asiyepumua. Hayumo. Kuna mtu ameketi mahali fulani, anazungusha swichi polepole, na pale mwishoni kabisa kiti chake kinasikika kikilia. Ningependa mjomba anisimulie hapo, lakini nasimulia mwenyewe, kwa sauti, peke yangu, kwa Kiswahili chake.

Ndiyo sababu nimeyaandika haya kwa lugha hii na si ile ninayofanyia kazi. Nani aliweka hii? Bibi aliuliza kwa maneno matatu, na yote matatu nilikuwa nayajua.