Nasrine na Vitu Viitwavyo Mpira

Nasrine binti Kadiri alijua kutambua mpira kwa pua kabla hajajua kusoma. Baba yake alishona viatu vya matairi katika kibanda upande wa Rwanda, karibu na kivuko kidogo cha mpaka cha kwenda Goma, na kila tairi kuukuu lililoletwa pale lilipimwa kwanza. Mzee Kadiri alikata kipande, akakivuta, akakinusa, akakichoma kwa kiberiti, halafu akamgeukia binti yake aliyekaa juu ya ndoo.

"Hii ni nini?"

"Kiatu, baba."

"Kiatu itakuwa kesho. Mi nakuuliza leo iko nini."

Jibu alilolitaka lilikuwa kama mpira ule ulitoka kwenye utomvu wa mti au ulipikwa kiwandani. Ule wa mti ulivutika na kurudi; ule mwingine ulipasuka nyayo baada ya mvua mbili, na mteja akarudi na matusi. Nasrine alichapwa kofi mara moja tu kwa kubahatisha jibu, na hakurudia kubahatisha.

Mzee alipofariki, kibanda kilichukuliwa na ami yake, naye Nasrine akapata kazi ya kupiga deki katika hospitali ndogo ya mtu binafsi juu ya mtelemko unaotazama ziwa. Alipiga deki miaka kumi na mmoja. Mtunza stoo alipohamia Kigali, funguo walipewa watu wawili mmoja baada ya mwingine, na wote wawili walishindwa kupata vitu. Mwishowe mtawala akasema apewe yule mama wa deki, maana ndiye ambaye wauguzi humwita kila kitu kinapopotea.

Alipanga stoo kama alivyofundishwa kufikiri. Alinunua daftari la kurasa mia mbili na kuligawa kwa vitu ambavyo vifaa vimetengenezwa navyo: pamba, chuma, kioo, plastiki, silikoni, mpira wa mti. Maandishi ya maboksi yalikuwa ya Kifaransa, ya Kiingereza, mengine ya Kichina kitupu. Aliyafumbua neno moja moja kwa kamusi ya shule ya mwanawe. Wauguzi walimcheka. Nani anakwenda stoo kuomba pamba kwa ajili ya kuwa ni pamba? Mtu anaomba kitu cha kufungia kidonda.

Ndahiro naye alisema hivyo hivyo alipokuja kuwa mkuu wa vifaa. Alizaliwa Mbarara, Uganda, akasomea huko, akarudi Rwanda na familia yake. Alikuwa mtu safi, mwenye haraka na heshima zake. Alikuja na kompyuta na orodha mpya. Kila kitu kikapewa fungu moja kwa kazi yake: vya kuzalishia, vya upasuaji, vya wazee, vya maabara. Rafu zikapangwa upya kufuata orodha.

"Mama Hamdani," alimwambia, akimwita kwa jina la kifunguamimba chake, "kitu ni kazi yake. Kisu ni cha kukata. Kiwe cha chuma, kiwe cha nini, ni kisu."

"Na kama mutu anaumizwa na chuma, Shefu?"

"Tutakata kwa kingine."

"Utakijua namna gani, kama hukuandika hiki iko nini?"

Ndahiro alicheka kwa upole na kumwomba aliweke lile daftari nyumbani, ili stoo isiwe na orodha mbili zinazogombana. Nasrine alilifunga ndani ya kitenge. Nyumbani hakulipeleka. Alilitia kwenye droo ya chini, chini ya risiti, na kila mzigo ulipoingia aliendelea kuandika, akitega sikio mlangoni kama mwizi.

Ikapita miezi saba. Kisha ikaja ile Alhamisi.

Saa nne asubuhi moto, pikipiki ya abiria, iliingia getini ikiwa imembeba mama mjamzito aliyeshika tumbo kwa mikono miwili. Aliitwa Kabatesi, mwalimu wa Kanama, aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania. Chupa ilikuwa imepasuka njiani. Mkunga wa zamu, Mukamazimpaka, alimlaza, akasikiliza moyo wa mtoto, akasikiliza tena, uso ukabadilika. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno. Akachomoa glavu kutoka kwenye boksi la ukutani, akavaa, akanyoosha mkono.

"Usiniguse!" Kabatesi alipiga kelele. "Dada, nakuomba, usiniguse na hiyo mipira!"

Mukamazimpaka alidhani ni uchungu unaosema. "Pole, mama, nitafanya polepole."

"Si maumivu. Mpira unaniua. Nina kadi."

Kadi ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne, na chini kabisa daktari wa Karagwe alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Mzio mkali wa mpira.* Kabatesi alieleza huku akihema. Kwenye uzazi wake wa kwanza walimshika kwa glavu, ngozi ikavimba, koo likafunga, akapoteza fahamu mezani. Walimrudisha kwa sindano. Daktari alimwambia mara ya pili huenda asirudi.

Dokta Shema alikuja, akapima, akasema mtoto atolewe kwa kisu, na ndani ya dakika ishirini. Hospitali kubwa? Ambulensi peke yake ingekula dakika hizo zote. Akamgeukia Ndahiro, aliyekuwa amefika mbio baada ya kusikia kelele.

"Nitafutie vitu vyote vya chumba cha upasuaji vyenye mpira. Vyote vitoke. Halafu niletee vya kuchukua nafasi yake."

Ndahiro alikimbilia kompyuta, akaandika neno *mpira*. Likatoka jibu moja tu: mpira wa mkojo, ule mrija wa kutolea mkojo kibofuni. Glavu hazikutokea, kwa kuwa ziliandikwa glavu. Kamba ya kufungia mkono wakati wa kutafuta mshipa haikutokea. Mrija wa kipimo cha presha haukutokea. Aliandika kwa Kiingereza, akaandika kwa Kifaransa. Orodha ilijua kazi ya kila kitu, na haikujua mwili wa hata kimoja.

Alitoka hadi stoo. Nasrine alikuwa kasimama mlangoni. Habari ilikwisha kumfikia.

"Mama Hamdani, lile daftari liko nyumbani?"

"Liko hapa."

Hakukuwa na muda wa kuona aibu, upande wowote. Nasrine alifungua droo, akafunua ukurasa wa mpira wa mti, akaanza kusoma kwa sauti huku akitembea, Ndahiro akimfuata na beseni. Waliingia chumba cha upasuaji na kuanza kuchuma. Glavu za maboksi yote ya ukutani. Kamba za mkono: badala yake, chukua bendeji ya pamba. Mrija wa presha: funga mkono kwa kitambaa kwanza, mrija usiguse ngozi. Plasta ya kahawia, toa. Ile nyeupe ya karatasi, acha. Vifuniko vya chupa za dawa: kifuniko king'olewe, sindano isipite katikati yake. Beseni likajaa, wakaleta la pili.

"Glavu za dokta?" aliuliza Ndahiro.

Nasrine alikwenda rafu ya vya maabara, akatoa boksi la rangi ya zambarau, akalitazama, akasita. Jina lilikuwa lile lile aliloandika daftarini kuwa halina mpira wa mti. Lakini kona ya boksi ilikuwa na alama mpya, na kiwanda kilikuwa kingine. Alitoa moja akaivuta. Ilivutika. Aliinusa. Ilinukia unga tu.

"Hii ndiyo?" Ndahiro alikuwa tayari amenyoosha mkono.

"Sijui."

"Mama, zimebaki dakika kumi na nne!"

"Sijui, Shefu! Jina ni moja, kiwanda si kimoja. Kama sijui, haiingii mule."

Alilitupa boksi sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuvuta vitu kutoka chini ya rafu: boksi la chupa tupu, boksi la vitambaa. Nyuma kabisa kulikuwa na katoni iliyoachwa na daktari mgeni mwaka uliopita, glavu za upasuaji zilizofungwa pea pea, na juu yake kwa herufi kubwa za Kifaransa: *haina lateksi*, yaani haina mpira wa mti. Pea sita. Tarehe ya kuisha ilikuwa mwezi ujao. Zilikuwa zimekosa fungu kwenye orodha mpya, kwa hiyo zilisukumwa chini na kusahauliwa.

Kabatesi alikuwa amekwisha kuingizwa chumba cha upasuaji. Alilala akitazama dari, midomo ikitembea. Nasrine alipita ubavuni na kumsikia anahesabu vitu kwa jina: pamba, chuma, plastiki, pamba, chuma, plastiki. Mukamazimpaka alikuwa amemfundisha njiani aseme kile tu kitakachomgusa.

Dokta Shema alivaa glavu za katoni. Akanyoosha mkono kwenye trei. "Mpira wa mkojo."

Msaidizi alimpa pakiti iliyokuwa imebaki kwenye kabati lake. Nasrine, aliyesimama nje ya mstari mwekundu ambao yeye haruhusiwi kuuvuka upasuaji ukianza, aliitambua rangi ya pakiti ile.

"Dokta, hapana!"

Watu wote waligeuka. Shema alisoma pakiti. "Hii ni silikoni. Imeandikwa silikoni."

"Wameandika imepakwa silikoni. Juu. Ndani ni mupira."

"Kinachomgusa ni cha juu, mama."

"Ikichubuka je? Na lile puto la ncha yake, likijaa maji linavutika, ule upako unabaki?"

Mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto ilipiga, ikachelewa, ikapiga. Ndahiro, aliyekuwa mlangoni, alichukua mrija mwingine wa aina ile kutoka beseni, akashika mkasi, akaukata katikati na kuuinua kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na utando mwembamba unaong'aa kama ute wa yai. Katikati kote palikuwa na rangi ya njano nzito, rangi ya utomvu.

"Toa," alisema Shema. "Lakini sikati tumbo kabla kibofu hakijakaushwa. Mna nini kingine?"

Ndahiro alimtazama Nasrine. Kwenye orodha yake, chini ya upasuaji, hakukuwa na kingine. Nasrine alifumba macho. Hakuwa anatafuta kwa kazi. Alikuwa anapitia ukurasa wa plastiki mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa kumi na kitu akaiona: mirija myembamba ya mkojo inayong'aa, isiyo na puto, inayotumiwa na mzee mmoja wa Kanzenze anayekuja kila mwezi.

"Vya wazee! Rafu ya vya wazee, boksi la bluu. Ni plastiki tupu."

Ndahiro hakungoja amalize. Walisikia viatu vyake vikiteleza kwenye saruji ya ukumbi, mlango ukibamizwa, kimya, kisha viatu tena. Alirudi na boksi zima kifuani. Shema alifungua mrija, akautazama kwenye mwanga, akamtazama Nasrine.

"Una hakika?"

"Hii nina hakika."

Mlango ukafungwa. Nasrine alibaki ukumbini na mabeseni mawili, akijiuliza ni kitu gani amekisahau. Daima kuna kimoja. Alipitia kurasa tena, kidole kikifuata mistari: gurudumu la kitanda? Halimgusi. Uzi wa kushonea? Hariri. Barakoa? Kamba zake za masikioni zinavutika. Alisimama ghafla, akagonga kioo cha mlango kwa nguvu mpaka Mukamazimpaka akatokea.

"Barakoa ya mama! Mulimuvalisha?"

"Hakuivaa. Alikataa mwenyewe."

Nasrine alikaa chini pale pale sakafuni.

Mtoto alilia baada ya muda ambao yeye aliuona kama asubuhi nzima, ingawa saa ya ukutani ilisema dakika tisa. Ni msichana. Ngozi ya mama haikuvimba, wala koo halikufunga. Ndahiro alimletea Nasrine maji kwenye glasi, naye akayanywa yote akiwa bado sakafuni.

Jumatatu Ndahiro aliweka kompyuta kwenye meza ya stoo na kuvuta kiti cha pili. Alikuwa ameongeza safu mpya mbele ya kila kitu, yenye kichwa *Imetengenezwa kwa nini*. Akamwomba asome daftari, yeye aandike. Walikwenda vizuri hadi bomba la sindano.

"Plastiki," alisema Ndahiro.

"Bomba ni plastiki. Sindano ni chuma. Na kile cheusi kinachosukuma dawa ndani ni mupira."

"Sistemu inakubali jibu moja."

"Basi sistemu haijui bomba la sindano."

"Tuchague kilicho kingi."

"Kabatesi hangekufa kwa kilicho kingi, Shefu. Angekufa kwa kile kidogo."

Ndahiro aliegemea kiti, akajikuna kidevu. Alisema kwamba kitu kimoja kikiwa katika mafungu matatu, kesho mtu atadhani ana mabomba matatu mahali penye moja. Nasrine alikiri kwamba hilo ni kweli, na kwamba hata baba yake hakuwahi kumwambia kiatu chenye kamba ya ngozi na nyayo za tairi kiandikwe wapi. Alivyokumbuka, kiliwekwa dirishani kwa namba ya mguu, maana mteja huja na mguu. Ndahiro alicheka, na safari hii Nasrine naye akacheka.

Walibishana hadi saa ya chakula. Ndahiro akampigia rafiki yake wa Kigali anayejua kutengeneza orodha hizo, akamweka kwenye spika, na Nasrine akamweleza yule mtu asiyemfahamu, polepole, kwamba anataka kitu kibaki kimoja lakini kiruhusiwe kuwa na vingi ndani yake. Yule mtu akauliza, "Vingi kama vingapi, mama?"

"Weka nafasi kumi," alisema Nasrine. "Tuanze na kumi."