Waya wa Mafuta na Mguu wa Mama

Sikiliza, wewe uliye na gari la zamani uani na mzazi mgonjwa chumbani. Sogea nikueleze polepole jinsi ya kubadilisha waya wa mafuta, maana wiki gari letu liliposimama hakuna aliyenieleza mimi. Wala usiogope. Mimi si fundi wa magari. Ninafundisha ushonaji. Kwa miaka mingi nimewaonyesha wasichana jinsi ya kupitisha mpira kwenye kiuno cha sketi, na aliyeweza kazi hiyo bila kulia ataiweza na hii.

Gari letu aliliacha baba. Ni lile dogo la mgongo wa mviringo ambalo hapa Bukavu tunaliita koksineli. Injini iko nyuma na mizigo inakaa mbele. Sasa fikiria: dereva anakanyaga pedali ya mafuta mbele, na injini iko nyuma kabisa. Kwa hiyo kuna waya mrefu, sisi tunauita kabule, unaopita chini ya sakafu ndani ya mrija mwembamba, kutoka kwenye pedali hadi kwenye kabureta. Ukikanyaga, waya unavuta mkono mdogo wa kabureta na injini inapata mafuta zaidi. Ukiachia, springi inaurudisha. Ni hilo tu.

Mama ana kisukari na kidonda kwenye mguu wa kulia. Kila Ijumaa nilikuwa nampeleka hospitalini Katana kusafishwa na kufungwa upya. Pikipiki haikufaa, mguu ungening'inia kwenye vumbi. Katika teksi-basi wangemkanyaga. Basi alikaa nyuma kwenye koksineli, mguu umenyooshwa juu ya mto, mimi nikaendesha kutoka nyumbani Bagira hadi Katana na kurudi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Jumamosi nilifua mashuka. Jumapili misa. Jumatatu niko tena mbele ya wasichana, nikieleza pindo.

Ile kabule ilianza kuchakaa karibu na kabureta. Nyuzi zake za chuma zilifumuka mojamoja, kama ncha ya uzi iliyokataa kuingia kwenye tundu la sindano. Niliona, na nikafanya kile ambacho mji wetu mzima unafanya. Hapa kila kinachokatika kinaungwa kwa waya wa breki wa pikipiki: kufuli ya geti, mpini wa sufuria, kitanda. Nikanunua kipande sokoni Kadutu, nikakata ncha iliyochakaa, nikaunga viwili hivyo kwa domino, kile kidude cha skrubu mbili ambacho mafundi umeme hutumia kuunganisha nyaya. Gari likawaka, likaenda. Nikajiambia Jumamosi nitafanya kazi yenyewe. Zikapita Jumamosi tatu. Nilikuwa nimechoka, na domino ilikuwa imeshika.

Iliachia kwenye mwinuko wa kijiji cha Miti, tukiwa tunarudi. Siku hiyo daktari alikuwa amemwambia mama kwamba Ijumaa inayofuata ataamua. Kama nyama mpya haijaanza kuota, atakata. Hakusema zaidi mbele yake, na mama hakuuliza. Ghafla pedali ikalala sakafuni kama ulimi, gari likapoteza nguvu, nikalivuta pembeni.

"Kumetokea nini?" mama akauliza.

"Kabule imekatika, maman."

"Ile yenye ulisema umetengeneza?"

"Njo ile, maman, ile ile."

"Eh. Fundi wa masketi."

Wanawake waliokuwa wanauza kabichi kando ya barabara walikuja kutazama. Mmoja akainama kwenye dirisha. "Maman, mutuka imekata roho? Mutuuzie, tutafugia kuku!"

"Ingia kwanza weye, tuone kama utataga," mama akamjibu, na wenzake wakacheka mpaka kabichi moja ikabiringika barabarani.

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na kamba ya pazia la mteja. Niliifunga kwenye ule mkono wa kabureta, nikaitoa nje ya kifuniko cha injini, nikaiingiza kwa kioo kidogo cha ubavuni kinachofunguka nyuma, nikampa mama ashike. Sikushauri ufanye hivyo. Nakueleza tu jinsi tulivyofika nyumbani: mimi kwenye usukani, klachi na breki, mama ndiye mafuta.

"Vuta, maman!"

"Niko navuta!"

"Achilia! Achilia, ni mutelemuko!"

"Unapiga makelele juu ya nini? Masikio iko muzima. Muguu njo inagonjwa."

Mara moja, karibu na mjini, alivuta kabla sijamwambia, nasi tukaipita teksi-basi iliyojaa watu. Nilimsikia akicheka peke yake huko nyuma. Lakini nilipomsaidia kushuka mlangoni alilishika paa la gari kwa muda, akasema bila kunitazama, "Siku ya tano miye siende tena. Mutuka imekufa. Mungu ameshasema."

Nitakuambia kweli, kwa sababu bila hiyo maelezo haya hayatakusaidia: niliposikia hivyo, mabega yangu yalishuka. Ijumaa moja nyumbani. Ijumaa moja bila mashimo ya barabarani, bila kungoja kwenye benchi la mbao tangu asubuhi, bila uso wa daktari. Niliifunga kamba ya pazia vizuri, nikairudisha mkobani. Gari nililiacha palepale liliposimama, na Jumamosi sikulifungua hata kifuniko.

Mafundi vijana wa mtaa waliniambia koksineli haina vipuri tena, niiuze kwa wanaokata vyuma. Niliwasikiliza vizuri kuliko ilivyostahili. Jumatatu nikafundisha. Jumanne nikafundisha, jioni nikachemsha maji ya chumvi. Jumatano nilipofungua bandeji, kidole kidogo cha mama kilikuwa kimebadilika rangi, na kile cha jirani yake kilikuwa kinaelekea huko. Mama alitazama ukuta. Nikafunga upya, nikatoka uani, nikampigia simu fundi mzee aliyekuwa akilitunza gari la baba, yule ninayemwita tonton, yaani mjomba. Siku hizi analima mpunga Kamanyola, kwenye bonde la Ruzizi.

"Allo, tonton."

"Njo nani? Ah! Mutoto wa koksineli! Ingali inatembea?"

"Kabule imekatika, tonton."

"Imekatika ao mulikatisha?"

"Nilitia domino. Na kipande ya breki ya pikipiki."

Alivuta pumzi ndefu, nikaisikia kutoka huko bondeni. "Njo vile munafanyaka bote. Kabule inapita mu mrija, inateleza kama nyoka. Weye unaipatia tumbo, unataka iteleze. Sasa munaenda aje ku hospitali?"

"Maman anasema tusiende. Eti Mungu amekataza safari."

"Mungu njo alikaza ile domino?"

Mzee akakohoa, akasema amebaki na kabule moja tu, aliificha miaka yote kwa ajili ya gari la baba, na kesho ataniletea kwa dereva wa teksi-basi ya Kamanyola.

"Lakini nani atafunga, tonton? Weye uko mbali."

"Weye. Si unapitishaka mpira mu sketi?"

Alhamisi saa sita dereva akashusha beseni la nyanya. Kabule ilikuwa chini ya nyanya, imezungushwa kwa duara pana lililoenea beseni zima, bila kona hata moja. Uone heshima hiyo. Waya wa namna hii ukiukunja mara moja tu, pale ulipoukunja ndipo utakapokatikia. Ukiupata, ubebe kama mzee alivyoubeba.

Niliomba ruhusa kazini, nikavaa koti la zamani la baba. Mama alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya kigoda, akichambua maharagwe. Aliliona beseni, aliona kilichokuwamo, akasogeza kiti kidogo ili aligeuzie gari mgongo.

Fuata sasa. Kwanza nilifungua kifuniko cha nyuma, nikalegeza skrubu ndogo inayoshika ncha ya waya kwenye mkono wa kabureta, nikatoa domino yangu na kile kipande cha pikipiki. Waya wa zamani ulibaki ndani ya mrija, ncha yake ikionekana. Usiuvute hapo hapo! Kwanza niliifunga ncha hiyo kwa uzi mrefu imara, ule wa kushonea magodoro. Kisha nikaenda mbele, nikauchomoa waya kwenye pedali, nikauvuta taratibu kutokea huko. Ulitoka wote, mweusi, na uzi ukaufuata, ukalala ndani ya mrija badala yake. Huo uzi ni njia yako. Ukiupoteza, utapapasa gizani alasiri nzima.

Halafu nikaupaka waya mpya grisi tangu ncha hadi ncha kwa vidole, nikaifunga ncha yake kwenye uzi pale mbele. Unasukuma kidogo mbele, unaenda nyuma, unavuta uzi kidogo, unarudi mbele. Peke yako ni kazi ya miguu. Sijui nililizunguka gari mara ngapi. Katikati ya safari yake waya ukagoma. Nikavuta, ukagoma. Nikavuta kwa hasira, uzi ukanikata kidole, nikakaa chini kwenye majani na kuegemea gurudumu. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka ziwani. Nilifikiri: nimejaribu. Hakuna atakayesema sikujaribu.

"Unavuta kama unagombana nayo," mama akasema bila kugeuka.

Maharagwe yaliendelea kuanguka kwenye sufuria. Nikainuka, nikaenda mbele, nikauvuta waya urudi kwangu kiasi cha kiganja, nikauzungusha kati ya vidole kama pini inayotafuta njia kwenye mshono mnene, nikausukuma tena. Ukapita. Nawe ukikwama fanya hivyohivyo: rudisha, zungusha, sukuma. Nguvu haitakiwi.

Ulipotokea nyuma niliufungua uzi, nikaupitisha waya kwenye kijimrija kinachopenya bati la feni ya injini, nikaufikisha kwenye kabureta. Mbele nikaushikiza kwenye pedali. Ilibaki skrubu moja tu. Lakini skrubu hiyo haikazwi hivihivi. Pedali lazima ikanyagwe hadi mwisho, na wakati imekanyagwa, mkono wa kabureta uwe umekaribia kufika mwisho wake, ibaki nafasi ya unene wa ukucha tu. Waya ukiwa mlegevu, gari halitapanda mlima. Ukiwa umekazwa kupita kiasi, kila ukikanyaga unaukata mwenyewe. Mtu mmoja hawezi kukanyaga mbele na kutazama nyuma.

"Maman, kuja unikanyagie."

"Na muguu hii?"

"Na ile ya kushoto."

Akaweka sufuria chini. Nilimshika mkono hadi kwenye kiti cha dereva. Hakuwahi kukikalia hata siku moja, baba hakupenda mtu aguse usukani wake. Alishika usukani kwa mikono miwili kama sinia la moto. Mimi nikarudi nyuma. Kifuniko cha injini kilikuwa kimesimama kati yetu. Sikumwona, naye hakuniona.

"Mupaka chini?"

"Mupaka chini, maman."

"Niko."

Mkono wa kabureta ukasogea. Nikauvuta waya kwa koleo, nikaanza kupima nafasi.

"Weye," akaita.

"Maman."

"Kesho wakikata, wanakataka vidole ao muguu yote?"

Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Swali hilo nilikuwa nimeliandalia majibu mazuri, ya mwalimu. Yote yakanitoka.

"Alisema vidole. Tukichelewa, alisema hajui tena."

"Aliniambia miye?"

"Aliniambia miye, ku koridoo."

"Na haukuniambia."

"Sikukuambia."

"Juu ya nini?"

"Nilichoka, maman. Wakati ulisema hauende, nilifurahi."

Nilingoja pedali iachiwe, mlango ufunguke, nisikie akijikokota kurudi kwenye maharagwe yake. Niliutazama ule mkono mdogo wa chuma mbele ya macho yangu. Haukurudi hata kidogo. Alikuwa bado amekanyaga.

"Miye pia nilifurahi," alisema. Kisha: "Basi kaza. Muguu muzima nayo inaanza kuniuma."

Nikakaza.

Ijumaa tuliondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Gari lilipanda pale Miti bila kulalamika, na wale wanawake wa kabichi walikuwa bado hawajafika, mama akasikitika. Walimkata vidole viwili. Mguu upo. Bado tunakwenda Katana, sasa kila baada ya wiki mbili, na bado nachoka. Kamba ya pazia mama anakaa nayo nyuma, eti iwapo nitatia domino tena.

Nawe, utakapofika kwenye ile skrubu ya mwisho, acha vyombo chini kwanza. Mwite mtu wa nyumbani kwako, mkalishe kwenye kiti cha dereva, mwambie akanyage hadi mwisho na asiachie. Rudi nyuma, hakikisha imebaki nafasi ya unene wa ukucha, ndipo ukaze.