Printa Nne Zisizohesabiwa

Caren Oyaro hakuzaliwa na subira, na wala hakujisumbua kuitafuta ukubwani. Mamake, Benta, aliyechekecha mchanga wa dhahabu pale Macalder tangu usichana wake, alikuwa na neno moja la Kijaluo juu ya binti huyu: sunga, yaani majivuno. Alilitamka Caren alipokataa kurudia darasa la saba. Alilitamka tena Caren alipomrudisha kwao mchumba aliyetaka aache kazi ya kompyuta akafungue saluni. Mama hakukosea, ila alisahau kuongeza kwamba majivuno ya binti yake yalikuwa na mikono, na mikono hiyo haikukaa bure hata siku moja.

Kibanda cha Caren kiko nyuma ya duka la mbolea, na ndani yake kuna kompyuta ambazo watu wengine walishazitangazia msiba. Nyingine zina umri wa kupiga kura. Shule za Migori na Homa Bay hupewa mitambo kama hiyo na wafadhili, inapigwa picha, halafu ikikohoa mara mbili inafunikwa kwa kitambaa na kuachiwa mende. Caren huichukua, huifungua, huipuliza vumbi, kisha huipa uhai mpya. Kampuni kubwa hazitengenezi tena programu za mashine za zamani namna hiyo, na ukiwauliza watakuambia ununue mpya. Caren akisikia neno hilo hutikisa kichwa na kuendelea kufungua skrubu.

Siri yake si siri. Kuna kundi la watu wa kujitolea, waliotawanyika duniani kote, wanaotunza ghala moja kubwa la vifurushi vya programu. Ghala hilo halikupi unga wa pakiti. Linakupa mahindi, linakuonyesha kinu, na linakuambia usage vipi kwa mashine uliyo nayo, iwe mpya au kuukuu. Unashusha kutoka mtandaoni chanzo cha programu kama kilivyoandikwa, na kompyuta yako inaijenga yenyewe palepale, hata ikichukua siku mbili ikihema. Kila kifurushi kina mstari wa jina la mtunzaji wake, mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Kisicho na jina ni cha wote, na sote tunajua kitu cha wote hutunzwaje.

Kila baada ya miezi mitatu kundi hilo hujenga vifurushi vyote kwa pamoja, kuona kipi kimesimama na kipi kimeanguka. Kwa sheria mpya ya mwaka huu, kikianguka mara mbili mfululizo bila mtunzaji, kinaingia kwenye orodha ya kuondolewa. Jumatano moja asubuhi, Caren akiwa na kikombe cha chai mkononi, alifungua barua pepe za kundi na kukuta kifurushi cha printa ya breli kimo kwenye orodha hiyo. Sababu zilikuwa tatu. Kimeanguka mara mbili. Hakina mtunzaji. Na katika miezi mitatu yote kimeshushwa mara moja tu. Kilikuwa kimepewa siku tisa.

Hiyo mara moja ilimuudhi kuliko mengine yote, kwa sababu ilikuwa ya kwake. Caren hushusha kila kitu akiwa Migori mjini, kwenye saiba ya rafiki yake Bravin ambako mtandao una kasi, halafu hubeba chanzo chote kwenye flashi na kuzunguka nacho kwa pikipiki, shule hadi shule. Kuna printa nne za breli katika kaunti hizo mbili, zote za kizamani, zenye waya mpana unaoingia tu kwenye kompyuta za kizamani. Mbili ziko upande wa Homa Bay na mbili upande wa Migori, moja ya hizo ikiwa karibu na soko la mifugo la Ogwedhi. Zinawaandikia karatasi watoto sitini na mmoja wasioona. Kwa hesabu ya ghala, wote hao pamoja na walimu wao walikuwa mtu mmoja.

Alikwenda kwa Bravin na kumsomea barua hiyo kwa sauti ya kutaka ugomvi. Bravin alisikiliza huku akimchapia mteja fomu.

"Hiyo ni kitu ndogo," alisema. "Nakuandikia kaprogramu kadogo, inashusha hiyo kitu mara elfu tatu. Hao wasee watajua aje?"

"Printa ni nne, Bravin. Nikisema elfu tatu, nimekubali kwamba nne haitoshi."

"Kwani inatosha?"

"Nne si sifuri," Caren alisema, na akachukua kofia yake ya pikipiki.

Kutoka Migori alishika njia ya Karungu na Sindo mpaka Magunga, kwa Mwalimu Gordon. Mwalimu huyu alipofuka kwa surua akiwa na miaka mitano, na sasa anafundisha darasa la watoto wasioona katika shule moja ya msingi huko, karibu na mbuga ya Ruma. Mitihani yote ya watoto wake huiandika yeye mwenyewe kwa kompyuta iliyokuwa imefufuliwa na Caren, kisha printa huigonga karatasini nukta kwa nukta, kwa kelele inayosikika mpaka jikoni kwa mpishi. Siku hiyo alimkuta akipanga karatasi za hesabu za darasa la sita, vidole vikikimbia juu ya nukta kuhakikisha hakuna ukurasa uliorukwa.

"Nyar Macalder," Mwalimu alimwita hivyo, yaani binti wa Macalder, kabla hajasalimiwa, maana mlio wa pikipiki ya Caren aliujua. "Leo umekuja na hasira. Umezima injini kama mtu anapiga mlango."

Caren alimweleza yote. Alipomaliza alijipa moyo mwenyewe kwa sauti kubwa. "Wakitaka kuitoa, waitoe, Mwalimu. Mimi nitaendelea kuwatengenezea yangu kama kawaida. Hamtakosa karatasi hata siku moja."

"Kama kawaida gani?"

Hapo ndipo Caren alipobanwa. Alitazama mlango, akatazama printa, halafu akasema ukweli ambao hakuwahi kumwambia mtu. Kifurushi kile kilikuwa kinaanguka kwa wengine tu. Kwake hakikuanguka kamwe. Kila mara vyombo vya kujengea vilipobadilishwa na kifurushi kikagoma, yeye alikitia kiraka, yaani alirekebisha mistari michache ya chanzo, na kikasimama. Viraka hivyo alivihifadhi kwenye flashi yake. Si vya printa tu, vilikuwepo na vya vifurushi vingine kumi na moja. Ghala lenyewe hakulipelekea hata kimoja.

"Kwa nini?"

"Niliwapelekea mara moja. Miaka saba iliyopita."

Alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati huo. Kiraka chake cha kwanza kilifanya kazi vizuri, lakini hakukipanga kwa mtindo wa ghala. Mkaguzi mmoja wa ghala, mtu wa nchi za baridi, alimjibu mbele ya kundi zima kwa mistari mitatu. Wa mwisho ulisema kwamba kama hawezi kusoma maelekezo, asiwapotezee watu wakati. Caren aliusoma ule mstari mpaka masikio yakawaka moto. Alilia kidogo, akanawa uso, akaapa kwamba watu hao hawatapata kitu kutoka mkononi mwake tena. Na alikuwa mtu wa kutimiza viapo.

Mwalimu Gordon aliweka zile karatasi mezani na kuzisawazisha kingo.

"Hao watu wanajua tuko?"

"Hawajui."

"Miaka saba. Wanaona kitu imeharibika, hakuna mtu analia, wanasema basi, hakuna mtu." Sauti yake haikupanda. "Si wao walitufuta, nyathina, mwanangu. Ni wewe ulituficha."

"Mimi nimewahudumia!"

"Sana. Na ukigongwa na lori kesho hapo Karungu, hii mashine ikikufa, nitaita nani? Nitaita hasira yako?"

Caren aliona aibu, aibu ya kweli. Kwa miaka saba alidhani anawaadhibu watu wa ghala, na wao hawakuhisi hata mwasho. Walioachwa bila ulinzi ni watoto wa darasa la sita. Alitaka kusema samahani, lakini neno hilo lilikuwa jipya kinywani mwake, kwa hiyo alivuta kiti mbele ya kompyuta ya Mwalimu, akawasha mtandao wa simu na kuanza kuandika.

Hakuwabembeleza. Aliandika kwamba kifurushi cha breli kina printa nne, watoto sitini na mmoja na walimu wanne. Aliandika kwamba kimeshushwa mara moja kwa sababu huku mtandao hubebwa mfukoni, na kwamba hesabu isiyojua flashi si hesabu ya watu. Alisema amekuwa akikitengeneza mwenyewe, kwamba alikosea kutokutuma viraka, na kwamba sasa anavituma. Mwisho aliandika kuwa anataka jina lake liwekwe kwenye mstari wa mtunzaji. Alibonyeza kutuma kabla majivuno hayajamfikia.

Jibu lilikuja kesho yake, na lilitoka kwa mkaguzi yuleyule. Caren alilisoma akiwa kibandani. Mkaguzi alisema kiraka kina makosa manne ya mpangilio. Caren aliyarekebisha, akatuma. Alisema yamebaki mawili. Akarekebisha, akatuma. Siku ya tano mkaguzi alisema mpangilio sasa ni safi, lakini kuna jambo moja. Hakuna hata mmoja wao mwenye printa ya aina hiyo. Watajuaje kwamba inachapa breli, na si nukta za ovyo?

Caren aliyapeleka maneno hayo Magunga mdomoni mwake yakiwa bado ya moto. Mwalimu Gordon aliposikia alicheka, kisha akasogelea kompyuta na kuandika kwa dakika kama kumi bila kusita. Printa ikaanza kugonga. Ukurasa ulipotoka aliupitisha vidole mara moja na kumkabidhi Caren.

"Piga picha, utume."

Caren, pamoja na ujuzi wake wote wa viraka, hakujua kusoma breli. "Umewaandikia nini, Mwalimu?"

"Wanataka kujua kama ni breli. Waambie watafute mtu wa kuwasomea."

Waliupeleka ukurasa dirishani ili mwanga uje kwa ubavu na kila nukta itoe kivuli chake. Caren aliupiga picha tatu, akazituma na yale maneno ya Mwalimu, bila kuongeza hata salamu.

Siku ya sita ilipita kimya. Ya saba pia. Siku ya nane Caren alitengeneza redio mbili ambazo hakuna mtu aliyezileta kutengenezwa, na Benta alipomletea chakula kibandani alijibiwa vibaya, akaenda zake akilisema lile neno. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, barua ilifika.

Mkaguzi alieleza kwamba alizunguka mji wake akitafuta, mpaka akampata mama mmoja anayefundisha breli, mwenye macho yake mawili. Mama huyo hakujua Kiswahili, kwa hiyo alimsomea herufi moja moja, na yeye akaziandika zilivyo. Baadaye alimtafuta mtu wa kumfasiria. Maandishi aliyabandika chini ya barua, mbele ya kundi zima, na Caren akayasoma kwa mara ya kwanza siku moja na watu wa ulimwengu mzima:

"Mimi ni Gordon, mwalimu. Hii karatasi imetoka kwa mashine ambayo mnasema haina mtu. Kama mnataka kuitoa, kujeni Magunga muambie darasa la sita nyinyi wenyewe, wako hapa kila siku isipokuwa wikendi. Jambo la pili. Huyu msichana ametutunza peke yake miaka saba kwa sababu mlimtukana mara moja. Alinyamaza, na sisi tukanyamazishwa na yeye. Msirudie. Ahsanteni."

Chini yake mkaguzi alikuwa ameandika kwamba hakukumbuka kumtukana mtu, ikabidi arudi kwenye barua za miaka saba nyuma. Ameikuta. Ameisoma mara mbili. Alisema hakuna maelezo ya kuifanya iwe kitu kingine, na kwamba anaomba msamaha mahali palepale alipokosea, mbele ya wote. Kifurushi kimetolewa kwenye orodha. Mtunzaji ni Caren Oyaro.

Caren alikaa na simu mkononi. Alimkasirikia Mwalimu Gordon kwa kuanika siri yake, akamkasirikia vizuri kabisa kwa muda wa kama robo saa, na ndani ya hasira hiyo akajikuta analia kwa namna tofauti na ile ya miaka saba iliyopita. Halafu alipangusa macho kwa kitambaa cha kufutia vioo vya kompyuta, akachomeka flashi, na kuvifungua vile viraka vingine kumi na moja.

Cha kwanza alikituma kabla ya saa sita. Mtu mwingine kabisa, ambaye hakumjua, alikikataa. Caren alisoma sababu zake, akaona mbili ni za kweli na moja ni upuuzi. Akarekebisha zile mbili, akabishana juu ya ile ya tatu, na akakituma tena.