Nilimsimamisha Mtani Wangu Upande Bastola Ilikotema

Mtani wangu Kondo haoni tena kwa jicho la kushoto. Watu wote wanajua ilikuwa ajali. Si kweli! Ni mimi, na nilijua.

Nisikilizeni kwanza, mtanitukana baadaye.

Mimi Msukuma, yeye Mzaramo. Tulikutana huku ughaibuni, kwenye ghala tunalofanyia kazi mtaa wa Nechells. Nilipofiwa na mama, Kondo aliingia msibani akauliza kwa sauti marehemu ameacha ng'ombe wangapi, ili awachukue kabla yetu. Tulicheka huku tunalia. Kwa watani hakuna kosa.

Jumapili tulikuwa tunapiga shabaha kwenye klabu, wote tuna leseni. Sheria ya hapa inakataza bastola fupi, kwa hiyo yangu ilikuwa ya mtutu mrefu, ya silinda, ya bei rahisi, risasi zake ndogo kuliko kokwa ya tende.

Ikachakaa. Kijino kinachozungusha silinda kililika, tundu la risasi likawa halikai sawa na mtutu. Risasi ikipita inachubuka, na vipande vinaruka pembeni. Fundi wa silaha alisema niiache kwake mwezi mzima. Mwezi! Nikachukua tupa, nikakisugua mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Ikazidi kuharibika.

Mimi huandika kila kitu. Kwenye daftari langu la shabaha niliandika: "Inatema kulia." Chini yake, Mungu anisamehe, nikaandika: "Kondo asimame hapo."

Nilitaka aruke tucheke. Basi!

Jumapili hiyo nikamsimamisha hapo, akaruka kweli. "We Msukuma, hiyo takataka yako inaniuma shavu!"

"Mzaramo anaogopa cheche," nikawaambia wenzetu. "Huyu ushujaa wake ni kwenye ngoma ya mdundiko tu."

Akacheka. Angefanya nini? Mtani akikasirika, ameshindwa.

Jumapili iliyofuata alinionyesha alama nyekundu chini ya jicho. "Safari hii nasema kweli, si utani."

"Hata kilio chako ni utani," nikamjibu.

Jumapili ya tatu alikuja na miwani mpya ya kujikinga, kubwa, imemziba nusu ya uso. Angeniambia nini zaidi yule mtu? Mimi nikapaza sauti: "Bibi harusi kaja na shela! Funua tukuone, au shavu bado linalia?"

Watu wakaangua kicheko. Msimamizi wa klabu alikuwa amegeukia upande mwingine. Kondo akaivua miwani, akanitolea macho kwa dharau, kama tunavyofanyiana siku zote.

Nikalenga karatasi ya shabaha, nikafyatua.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akasema, "Mbona upande huu giza?"

Jamani, ile sauti!

Hata damu haijafutwa, akamwambia msimamizi: "Miwani nimevua mwenyewe. Mtani wangu hana kosa." Mkewe alinishika mkono hospitali, akanishukuru kwa kumkimbiza mumewe haraka. Alinishukuru mimi! Nikaitikia, "Usijali, shemeji."

Nilipoingia wodini, Kondo akaanza yeye. "Msukuma, karatasi kubwa vile umeikosa, jicho dogo hili umelipata!"

Nikacheka. Nilicheka, ndugu zangu.

Nyinyi mlio na watani, mtani akikwambia "sasa si utani," acha hapo hapo. Na silaha mbovu mpelekee fundi, hata kama atakaa nayo mwaka. Jicho halina fundi wa kulirudisha.

Bastola ilichukuliwa na polisi, wanaichunguza. Bado hawajajibu. Daftari hakuna aliyeliulizia, liko kwenye begi langu la kazini, na ule ukurasa sijauchana. Kila nikiushika, nalifunga daftari tena.

Alhamisi nampeleka Kondo hospitali, wakamtoe kipande cha risasi kilichobaki. Kaniomba nije na daftari. Alama zake za shabaha nilikuwa namwandikia humo humo pamoja na zangu, na anataka mkewe amsomee alivyokuwa analenga alipokuwa na macho mawili.

Nimemwambia nitalileta.