Nilivyozikataa Kuponi za Serikali

Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na mwezi mzima nilihangaika kutafuta pa kuweka akiba yangu ili iniletee kipato cha uhakika uzeeni. Viwanja vya Gungu havishikiki kwa bei. Shamba la michikichi kule Simbo, mwenyewe anataja bei kama anauza na ziwa. Basi Jumatatu nikaenda benki kuulizia hati fungani za serikali, nikiwa nimeshachoka na kila kitu.

Dada wa dawatini akaanza kunijazia fomu huku akinieleza. "Mzee, unaikopesha serikali kwa miaka ishirini. Kila miezi sita unapokea kuponi, mpaka muda uishe."

"Kuponi?" Nikapandwa na hasira. "Mimi nitoe fedha, nilipwe vikaratasi? Sokoni nitanunua samaki wa mgebuka kwa kuponi?"

Akataka kunifafanulia, nikamkatiza. Nikasimama, nikawageukia waliopanga foleni. "Jamani, msikubali! Kesho watatulipa kwa vocha za simu!"

Mama mmoja anayeuza dagaa kule Kibirizi akanitazama kwa huruma. "Baba, kuponi ndiyo riba yenyewe. Yangu imeingia wiki iliyopita kwenye akaunti, nimelipia ada ya mtoto. Ni hela."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikaketi taratibu, nikamwomba yule dada tuendelee. Akainama kwenye fomu akijizuia kucheka, kisha akasoma kwa sauti niliyoiona kubwa mno:

"Kazi: mwalimu wa somo la biashara. Ni sahihi, mzee?"