Majina ya Watoto wa Mama

Corona ilipopita nyumbani kwetu Butembo, kifua cha mama kilipona, ila kichwa kilibaki na ukungu. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa, akasema ni tamu. Tulicheka, kisha tukaogopa. Huyu ndiye aliyejua bei ya maharagwe kila soko, tangu Kasindi hadi Manguredjipa. Sasa alisahau kama amekwisha kula.

Nikampeleka kwa daktari, kijana mpole aliyeletwa kazini kutoka Kasai. Akamwuliza majina ya watoto wake. Mama akayataja yote kwa mfululizo, bila kusita.

"Très bien, maman. Kichwa yako iko muzuri."

Ikabidi nimharibie furaha. Kwetu Wanande jina hufuata kuzaliwa: mvulana wa kwanza ana lake, wa pili lake, wasichana vilevile, na nyumba hadi nyumba ni yaleyale. Mama wa Kinande huyataja hata usingizini, pamoja na ya watoto wa jirani. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, "Donc, asubuhi ulikula nini?"

Mama akatazama mikono yake. Hakujua. Niliogopa kuliko siku alizokuwa akikohoa.

Nikauliza kama chanzo ni baridi yetu ya milimani, maana mama mdogo anayeishi Beni alishikilia kwamba joto la kwao lingekausha ugonjwa wote. Daktari akasema kirusi hubadilika vinasaba kila kinapozaliana, kwa hiyo wimbi moja la ugonjwa halifanani na jingine. Baridi nayo hutufungia jikoni, tukipumuliana. Ukungu wa kichwani huwatoka wengi polepole. Kuahidi hakuahidi.

Mama mdogo hakuingoja sayansi. Alimteremsha mama, dada yake, hadi Beni, akamkalisha juani kuchambua kakao iliyotoka Oicha, wakabishana mchana kutwa kuhusu utoto wao. Mimi nadhani ule ubishi ulisaidia kuliko jua, lakini nani atamwambia mama mdogo?

Miezi ikapita, tukarudi kwa daktari. Kabla hajafungua kinywa, mama akainua kidole.

"Docteur, leo usiniulize majina ya batoto. Ile siku ulicheka mupaka ukatosha miwani. Uliza ingine."

Hakuna aliyekuwa amemkumbusha siku ile. Nililia kwa furaha palepale, na mama akaniuliza nina nini.